Hii, au Hii?

Barua ya tatu mwaka huu imenifikia
imekunjwa mara nne, kama kitambaa cha kufutia miwani.
Lugembe, fundi wangu wa kusaga lenzi, anaomba kuacha kazi.
Sababu za kifamilia.
Wote watatu, familia zao zilipata sababu ileile.

Mtaa wa Rufiji, ghorofani, juu ya duka la vitenge,
ninayo mashine ya kupima presha ya jicho:
puh! kipumzi kidogo, mteja anaruka,
nami nasoma namba.
Miaka kumi na mmoja nayasoma macho ya Mwanza.
Mtoto wa jicho wa wazee kutoka Magu,
wekundu wa wanaobanika samaki Kirumba,
kijana wa bodaboda asiyekiona kibao
mpaka kibao kimwone yeye.
Lakini Lugembe, hatua nne kutoka kitini pangu,
pazia tu katikati,
sikuwahi kumpima.

Nilimwita. Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja,
kile kinachopanda kwa kanyagio.
Akacheka: "Daktari, kwani naumwa?"
Sijui, nikasema. Soma ukutani.
Akakwama mstari wa nne.
Wa nne! Mtu anayenitafutia kitovu cha lenzi
asikose hata nusu milimita,
ambaye kidole chake huujua ukingo kabla ya jicho,
miwani yake ni ya mwaka nilipomwajiri,
mkono wa kushoto umefungwa kwa uzi wa nyavu.

Nikamvisha fremu ya majaribio.
Hii, au hii?
"Ya pili."
Hii, au hii?
"Zinafanana."
Kisha nikauliza lisilokuwemo kwenye chati:
kubaki, au kwenda?

Kimya. Chini cherehani ikakata ushonaji, ikaanza tena.

"Balbu ya kule nyuma iliungua Februari.
Niliandika kwenye daftari la mahitaji.
Nyamizi naye akaandika.
Kulwa, kabla hajakimbilia Geita, aliandika kwa wino mwekundu.
Ukerewe tulipima watu mia mbili na sita,
posho ikawa soda.
Soda si mbaya, daktari.
Ila ilikuwa moja kwa wawili.
Na yule bibi wa Igoma, aliyelia alipouona uso wa mjukuu wake,
alirudi kushukuru. Akakushukuru wewe.
Ukamwambia karibu sana.
Mimi nilikuwa hapo nyuma ya pazia,
vumbi la lenzi puani."

Ulimi ulikuwa umeshajipanga:
kodi ya pango, mkopo wa mashine, fremu zilizokwama bandarini.
Nikaumeza.
Ukutani, juu ya kichwa chake, ipo fremu ya dhahabu
yenye maandishi MFANYAKAZI BORA WA MWEZI,
na ndani yake, tangu niinunue,
picha ya yule mzungu aliyekuja nayo kutoka dukani.

Mganga hajigangi, walisema.
Hawakusema anaweza pia kumruka
aliye upande wa pili wa pazia.

Balbu niliinunua mwenyewe, shilingi elfu tatu.
Elfu tatu. Tangu Februari.
Nikapanda stuli, Nyamizi akanishikia miguu,
na daftari nikalisoma lote usiku ule,
kurasa kumi na tisa, hati nne tofauti,
moja ya mtu ambaye jina lake ilibidi niulize.

Jana bibi wa Igoma alikuja kukaza skrubu.
Nikavuta pazia, nikasema: mwenye miwani yako ni huyu.
Akamtazama Lugembe kwa muda mrefu, juu hadi chini,
kama mtu anayechagua sato.
"Kumbe ni wewe," akasema. "Mbona umekonda?"

Jioni akasaga lenzi zake mwenyewe.
Alipotoka amezivaa, akanitazama, akasita.
"Daktari, una mvi."
Tangu lini? nikauliza.
"Sijui. Leo ndiyo nimeziona."

Barua sijaichana; si yangu kuichana.
Inasema mwisho wa mwezi.
Leo ni tarehe ishirini na tatu.
Kule nyuma taa inawaka, mashine inanguruma,
nami natega sikio.